Maji ni Sababu, Mponyaji ni Mwenyezi Mungu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu aliyeteremsha maji kutoka mbinguni, akayahifadhi ndani ya ardhi, kisha akayatoa penye chemchemi kwa manufaa ya viumbe vyake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu mmoja miongoni mwa wasomaji wetu ametuletea barua. Asema kwamba mamake ana maumivu ya magoti muda wa miaka mingi, hata kusimama katika Sala kumekuwa ni taabu kwake, huswali ameketi. Dawa apewazo zampa nafuu ya siku chache tu. Sasa majirani wamemshauri ampeleke kwenye chemchemi ya maji moto, akaoge humo siku saba mfululizo. Lakini wamemsharutisha achukue na kuku mwekundu, na uvumba, na chupa ya marashi, ili wenyewe wa mahali pale waridhike, wasije wakamkataa mgeni wao. Ndugu huyu auliza: Je, maji hayo yana dawa kweli, au ni maneno ya watu tu? Na akimpeleka mamake, atakuwa amekosa?

Twamshukuru kwa kuuliza kabla ya kutenda. Wengi wetu hutenda kwanza, kisha ndipo tukamtafuta sheikh wa kutuhalalishia tuliyoyatenda.

Barua yake ina maswali mawili, na hayafai kuchanganywa. La kwanza ni hili: Je, maji yaufaa mwili? Hilo ni swali la tajriba, na wa kuulizwa ni watu wa tiba waliolipima. La pili ni hili: Ni nani aponyaye, na yajuzu kumchinjia asiyekuwa Yeye? Hilo ni swali la tawhidi, na jawabu lake liko katika Kitabu na Suna. Watu wa miji yetu wamegawanyika katika jambo hili makundi mawili. Kundi la kwanza, kwa kuwa limeona mtu ameoga akapata nafuu, limeamini maji na limeamini na mashetani wa chemchemi pamoja. Kundi la pili, kwa kuwa limewakataa mashetani, limeyakataa na maji. Makundi yote mawili yamefunga vitu viwili katika fundo moja, na kazi yetu leo ni kulifungua fundo hilo.

Kisa cha Nabii Ayyub

Mwenye kudhani kwamba kutafuta tiba katika maji ni ujinga, na akisome kisa cha Nabii Ayyub, amani iwe juu yake, katika Sura ya Sad. Alipopatwa na maradhi na dhiki akamlilia Mola wake, aliamrishwa aipige ardhi kwa mguu wake, na mara yakapatikana maji baridi ya kuogea na ya kunywa. Mwenyezi Mungu ni muweza wa kumponya bila ya maji na bila ya mguu. Walakini alimfanyia sababu, na akamtaka mgonjwa mwenyewe, pamoja na udhaifu wake, aishiriki sababu hiyo.

Lakini tutazame mpango wa kisa. Dua ilitangulia, na maji yakafuata. Na dua ile hakuombwa mwenye chemchemi, wala hapakuwa na kuku wala uvumba. Aliombwa Mola wa Ayyub peke yake. Basi kisa kimoja chatufunza mambo mawili: kwamba maji yaweza kuwa sababu ya kupona, na kwamba sababu haiabudiwi.

Na katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim kwa Jabir, Mtume s.a.w. ametufahamisha kwamba kila ugonjwa una dawa yake, na kwamba dawa ikiupata ugonjwa wake barabara, mtu hupona kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Ndani ya maneno hayo umo mlango wa utafiti wote. Hakusema kwamba kila dawa hufaa kila ugonjwa. Lazima ziafikiane. Na kuafikiana huko hakujulikani kwa kusikia mabarazani, bali kwa kuchungua, na kupima, na kulinganisha.

Asili ya maji moto

Ndugu zetu wa Tanga wazijua chemchemi za Amboni zenye harufu ya kiberiti. Wa Kwale wazijua za Mwananyamala. Katika Bonde la Ufa, pembezoni mwa ziwa Bogoria, maji yachemka na kuruka juu kwa mvuke. Na wale ambao asili ya wazee wao ni Omani wamesikia habari za Ain al-Kasfa kule Rustaq, na chemchemi ya Nakhal, ambako watu wameoga tangu zamani kwa ajili ya maumivu ya viungo na maradhi ya ngozi.

Joto lile halitoki kwa jini aliyelala chini ya jiwe. Wataalamu wa ardhi wamelieleza wazi. Mvua hunyesha, maji hupenya katika nyufa za miamba, hushuka chini sana, pengine kilomita mbili au zaidi. Na ardhi kila ukishuka huzidi joto, kiasi cha digrii 25 hadi 30 kwa kila kilomita katika mahali pengi, na zaidi ya hapo penye asili ya volkano. Maji yakipata moto hutafuta ufa mwingine, yakapanda juu. Njiani huyeyusha kidogo kidogo katika kila mwamba yanayoupitia: hapa chokaa, pale magadi, kwingine chuma, kwingine kiberiti. Ile harufu ya yai viza ambayo watu wetu huiogopa, wakasema kwamba ni pumzi ya shetani, ni hewa itokanayo na kiberiti hicho.

Kwa mwenye akili, ujuzi huu hauondoi utukufu wa Muumba, bali wauzidisha. Maji ya chemchemi ya mji wa Bath, katika Uingereza, hutoka yakiwa na joto la digrii 46, zaidi ya lita milioni moja kila siku, nayo ni mvua iliyonyesha juu ya vilima zamani sana. Ni nani aliyeyawekea njia chini ya ardhi muda wote huo? Huyo ndiye anayestahiki kuombwa.

Waliyoyaona wataalamu

Mji huo wa Bath una kisa chenye mafunzo. Katika karne ya kumi na nane, watu wengi walipooza mikono na miguu, wakaumwa na matumbo, na sababu haikujulikana. Mnamo 1767 tabibu George Baker alionyesha kwamba wale wa jimbo la Devon walikuwa wakila sumu ya risasi, iliyoingia katika kinywaji chao cha matofaa kutokana na vyombo vya kukitengenezea. Basi wagonjwa wa namna hii walipelekwa Bath, wakakalishwa ndani ya maji hadi shingoni, kwa saa nyingi, miezi kwa miezi, na wengi wao walipata nafuu. Baadhi ya watu wakasema ni muujiza. Wengine, waliokuja baadaye, wakasema ni uwongo mtupu.

Yapata miaka mia mbili baadaye, madaktari wa Bristol waliamua kupima. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 1985, waliwatia watu wazima wenye afya katika maji yale, yenye joto la digrii 35, muda wa saa mbili. Wakaona kwamba uzito wa maji huisukuma damu kutoka miguuni ikapanda kifuani, moyo ukasukuma damu zaidi, na mafigo yakatoa maji na chumvi kwa wingi. Na utafiti uliofuata ulionyesha kwamba kukaa majini hivyo huzidisha na kiasi cha risasi kinachotoka katika mkojo. Kwa hivyo nafuu ya wale wagonjwa wa zamani haikuwa uwongo. Lakini haikuwa na siri ya jini wala ya mtakatifu: sehemu kubwa ya kazi ile yafanywa na maji yoyote ya vuguvugu, mtu akizama ndani yake hadi shingoni.

Ni hivyo hivyo kwa maumivu ya viungo. Mwili ukizama majini hupungukiwa na uzito, hata goti lililokuwa likibeba mzigo mzima likabeba sehemu ndogo tu. Joto hulegeza misuli na hupanua mishipa ya damu. Mgonjwa huweza kukunja na kukunjua asipoweza nchi kavu.

Je, nafuu hiyo ni ya kweli, au ni dhana ya mgonjwa? Hapa watafiti wana njia ambayo yafaa tuijue. Maumivu hupanda na kushuka yenyewe. Mtu huenda chemchemini siku ambayo maumivu yamefika kikomo, na baada ya kikomo hapana ila kushuka. Akishuka, husema, maji yameniponya. Ili kuepuka kudanganyika, wataalamu huwakusanya wagonjwa wengi, wakawapigia kura: hawa waoge, na hawa wasioge, kisha wakawalinganisha. Kura si jambo geni kwetu. Mtume s.a.w. akitaka kusafiri, alikuwa akipiga kura baina ya wakeze. Kura huondoa upendeleo, na upendeleo ndio adui wa haki na wa ilimu.

Mwaka 2010 ulitangazwa utafiti wa namna hiyo kutoka Ufaransa. Watu 462 wenye magoti yaliyolika waligawanywa kwa kura. Wote walipewa mazoezi ya kufanya nyumbani na tiba yao ya kawaida, na nusu yao wakaongezewa siku 18 za kuoga maji ya madini, na matope, na kukandwa, na mazoezi ndani ya maji. Baada ya miezi sita, katika kila watu 100 waliokwenda majini kiasi cha 50 walikuwa na nafuu ya maana, na katika wale wengine kiasi cha 36. Basi nafuu ipo. Lakini tusiwe wepesi wa kupiga vigelegele: hao 36 walipata nafuu bila ya safari wala chemchemi, na kati ya wale waliokwenda, kama nusu hawakupata.

Na jamaa ya wataalamu iitwayo Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya tafiti za wengine na kuzipima, mwaka 2007 walizitazama tafiti saba zenye wagonjwa 498 wa viungo vilivyolika. Wakasema kwamba maji ya madini yaonekana kufaa kuliko kukaa bure, walakini tafiti zenyewe nyingi zilikuwa dhaifu. Mwaka 2015 wakatazama tafiti tisa zenye watu 579 wenye baridi yabisi ile inayotokana na mwili kujishambulia wenyewe. Wakasema kwamba dalili hazikutosha kukata shauri. Haya ndiyo maneno ya watu wa ilimu: husema ndiyo penye ndiyo, na penye shaka husema kuna shaka. Laiti wauza dawa wetu wa sokoni wangejifunza neno hilo moja!

Madini yana kipimo chake

Kuna wasemao: madini ni afya, na kila yanapozidi ndipo yanapofaa. Si kweli. Mwenyezi Mungu ameumba kila kitu kwa kipimo, na katika Sura ya al-Hadid ametukumbusha kwamba chuma kina nguvu na manufaa kwa watu. Chuma chajenga nyumba, na ndani ya damu yetu chabeba pumzi. Kikipungua mtu huwa mnyonge, na kikizidi humwumiza ini.

Ile haluli tunayoijua majumbani mwetu, iliyo chungu, ilipata jina lake la Kizungu kutokana na mji wa Epsom, karibu na London, ambako ilitokana na maji ya kisima. Mwaka 1695 mtaalamu Nehemiah Grew aliiandikia kitabu. Kila mzee wetu ajua: kidogo chasafisha tumbo, na kingi chamlaza mtu kitandani. Na mtu akiitia katika maji ya kuogea, asidhani kwamba yaingia yote mwilini. Ngozi ni ukuta uliojengwa na Mola wetu makusudi, ili vya nje vibaki nje.

Ama ugonjwa wa rovu, watu wa zamani walikuwa wakiutibu kwa majivu ya sifongo wa baharini, bila ya kujua kwa nini yalifaa. Mwaka 1811 Courtois, Mfaransa, aliigundua iodini katika majivu ya mimea ya baharini. Mwaka 1820 tabibu Coindet wa Geneva akaitumia kwa wagonjwa wa rovu. Na mwaka 1922 Uswisi ikaanza kuitia katika chumvi ya chakula, na rovu likapungua mno. Hapa twaona kazi njema ya utafiti. Haukuyadharau majivu ya wazee, wala haukuyaamini yote. Uliyachambua, ukatoa lililo la kweli, ukalitia katika chumvi ili tajiri na maskini walipate sawa.

Lakini yako na maji yanayoangamiza. Katika Bonde la Ufa chemchemi nyingi na visima vina madini ya floridi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Wanywao zaidi ya hapo tangu utotoni, meno yao hugeuka rangi ya kahawia, na ikizidi sana mifupa hukakamaa. Na huko Bath kwenyewe, mwaka 1978, msichana aliyeogelea katika maji yale alikufa kwa kijidudu kiitwacho Naegleria fowleri, kipendacho maji ya vuguvugu, kinachoingia kwa njia ya pua kikafika ubongoni. Watu wakakatazwa kuogea humo. Mwaka 2006 ndipo pakafunguliwa mahali papya pa kuogea, kwa maji yanayochotwa chini sana na kutunzwa.

Na kisa kikubwa kuliko vyote ni cha radiamu. Mwaka 1903 mtaalamu J. J. Thomson alitangaza kwamba maji ya visima fulani yana nguvu ya mnururisho. Wafanyi biashara wakaruka: kumbe hii ndiyo siri ya chemchemi! Kule Marekani yakauzwa maji ya chupa yaliyotiwa radiamu, kwa jina la Radithor, kwamba ni uzima wa kila mtu. Tajiri mmoja mashuhuri, Eben Byers, aliyanywa kwa miaka, mamia kwa mamia ya chupa. Mifupa ya taya lake ikaoza, na mwaka 1932 akafa. Hawa hawakuwa washenzi wenye hirizi. Walikuwa watu wenye suti na karatasi zilizopigwa muhuri. Ujinga ukivaa nguo ya ilimu huua zaidi kuliko ujinga ulio uchi.

Tusiseme uwongo kwa ajili ya dini

Hapa hatuna budi kuwanasihi na baadhi ya ndugu zetu wema. Zimeenea katika simu habari kwamba mtaalamu wa Kijapani, Masaru Emoto, amethibitisha kwa picha kwamba maji yakisomewa maneno mema huganda kwa umbo zuri, na yakitukanwa huganda kwa umbo baya. Habari hizi zimesomwa hata juu ya mimbari. Ukweli ni kwamba picha zile zilichaguliwa, na wataalamu hawakuikubali kazi ile kuwa ni dalili. Sisi twaiamini Zamzam kwa sababu Mtume s.a.w. ametufunza ubora wake, na twaisoma ruqya kwa sababu imethibiti katika Suna. Imani yetu haikuwa yatima hata itafutiwe mlezi wa picha za barafu. Kesho kijana wetu akigundua chuoni kwamba picha zile si dalili, atadhani kwamba na ile iliyotegemezwa juu yake si kweli. Mwenyezi Mungu, katika Sura ya al-Israi, ametukataza kuyafuata tusiyokuwa na ujuzi nayo, na marufuku hiyo haikuwavua masheikh.

Kuchinja penye chemchemi

Sasa twarejea kwa yule kuku mwekundu. Hapa hapana kura wala kupima. Mtume s.a.w. amethibiti kwamba amemlaani mwenye kuchinja kwa ajili ya asiyekuwa Mwenyezi Mungu. Na baadhi ya wapya katika Uislamu, walipokuwa njiani kwenda Hunayn, walipouona mti ambao washirikina wakitundika silaha zao kutaka baraka, waliomba nao wafanyiwe mti kama ule. Mtume s.a.w. alikasirika, akalifananisha ombi lao na lile la Bani Israili walipomtaka Musa awafanyie mungu. Waliomba mti tu! Basi vipi mwenye kuupa mti damu, na chemchemi uvumba?

Wako watakaosema: Sisi twachinja kwa Bismillahi, na nyama twala wenyewe. Na waizingatie hadithi ya mtu aliyeweka nadhiri ya kuchinja ngamia mahali paitwapo Buwana. Mtume s.a.w. hakumwuliza atasema neno gani wakati wa kuchinja. Alimwuliza kama mahali pale palikuwa pakiabudiwa sanamu, au pakifanywa sikukuu ya washirikina. Alipoambiwa hapana, ndipo akamruhusu. Maana yake ni kwamba mahali pakiwa pana desturi ya shirki, Bismillahi yako haipasafishi.

Na lenye kusikitisha ni kwamba wanaofanya haya ni watu wa Sala. Mtu hutoka msikitini Alfajiri, akamsomea Mola wake kwamba Yeye tu tunakuabudu na Yeye tu tunamwomba msaada, na kabla jua halijapanda yuko chini ya mbuyu na chetezo mkononi.

Jambo tulilolishuhudia

Twaandika haya kwa uchungu, si kwa kuwacheka watu. Palikuwa na mzee tukiswali naye safu moja miaka mingi. Alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na miguu yake ilianza kufa ganzi. Akaambiwa aache sindano, kwa kuwa ati sindano na maji ya chemchemi hazipatani, na aitie miguu yake katika maji moto kila siku. Mguu uliokufa ganzi hauhisi moto. Aliutia ukaungua, na yeye hakujua mpaka alipoona ngozi yatoka. Kidonda kikaingia uozo. Alipopelekwa hospitali, hapakuwa na la kufanya ila kuukata.

Alituambia siku moja, baada ya hapo, akiwa ameketi kitini mwisho wa safu: Nyinyi mlijua, kwa nini hamkuniambia? Hatukuwa na jawabu. Baadhi yetu tulikuwa tukijua kwamba mwenye kisukari hatakiwi kutia miguu katika maji moto. Tulinyamaza, kwa kuona haya kumkosoa mtu mzima, na kwa kuogopa kuambiwa kwamba twapinga baraka.

Na hapa yatukumbusha hadithi ya Jabir, iliyopokewa na Abu Daud. Mtu mmoja safarini alipigwa na jiwe akapasuka kichwa, kisha akapatwa na janaba usingizini. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume s.a.w. aliwalaumu lawama kubwa, akawahesabu kuwa ndio waliomwua, akasema kwamba mbona hawakuuliza walipokuwa hawajui, kwani tiba ya ujinga ni kuuliza. Na katika hadithi nyingine ametufunza kwamba mwenye kujitia tabibu, naye hajulikani kwa utabibu, ni mdhamini wa madhara yatakayotokea.

Maji yale yalikuwa safi, na kuoga ni ibada. Lakini maji safi, na nia njema, na fatwa bila ya ilimu, vilimwua mtu. Tofauti ya yule mzee wetu na mtu yule ni kwamba wale walisema wasilolijua, na sisi tulinyamazia tulilolijua. Mwenyezi Mungu atusamehe.

Jawabu la barua

Ndugu yetu, jawabu letu kwako ni hili.

Kumpeleka mamako kuoga maji ya moto si kosa, bali ni katika kutafuta sababu, na wema kwa mzazi. Lakini kwanza mpeleke kwa daktari, akapimwe moyo, na presha, na sukari. Akiwa na mmojawapo wa maradhi hayo, fuata neno la daktari. Dawa zake asiziache hata siku moja. Maji yenyewe yapimwe kwa kipimajoto, au kwa kiwiko cha mkono wako wewe, si kwa mguu wake. Yawe ya vuguvugu, yasiwe ya kuunguza. Asikae peke yake, asikae muda mrefu, asitie kichwa majini, wala asiyanywe maji yasiyochunguzwa.

Pili, sitara. Mtume s.a.w. hakuruhusu wanaume kuingia hamamu ila kwa kikoi, na mambo ya wanawake ni mazito zaidi. Apate mahali pa faragha, pamoja na wanawake wenzake, au asiende.

Tatu, kuku mwekundu, na uvumba, na marashi, visitoke nyumbani. Na ikiwa wenye kupachunga mahali pale watakataa kumruhusu ila kwa hivyo, basi rudi naye. Hajapotewa na kitu. Umekwisha kuona kwamba sehemu kubwa ya manufaa ni joto, na maji, na mazoezi. Mchemshie maji nyumbani, umkande magoti kwa kitambaa cha moto, umkunje na kumkunjua miguu polepole kila siku, asubuhi na jioni. Hayo yatakugharimu wakati wako tu, na radhi ya mama yako humo.

Ama yule kuku, mchinje uani kwako kwa jina la Mwenyezi Mungu, umpikie mama yako mchuzi, na sahani moja umpelekee jirani maskini. Hiyo ni sadaka, na sadaka ina malipo kwa Mwenye kulipa.

Kisha inua mikono, umwombe yule aliyeombwa na Ayyub. Akimponya, ni kwa fadhila yake. Akichelewa, ni kwa hekima yake. Na mama akiswali ameketi, Sala yake yakubaliwa kwa udhuru wake, inshallah.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, tufunze tusiyoyajua, na utupe ujasiri wa kuyasema tunayoyajua. Wabillahi tawfiq.